Nilifukia Ngolo ili Pikapu Yangu Ionekane

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Nimesikia mlivyoitikia, nashukuru. Ila naomba mnivumilie nikiongea huku nimeinamisha kichwa, kwa sababu wengi wenu mnaijua habari hii vizuri kuliko nitakavyoisimulia. Wengine mlikuwepo, mmeshika majembe. Naisimulia kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, na kwa ajili ya yeyote ambaye sasa hivi anatamani gari kubwa kama nilivyolitamani mimi.

Naitwa Osmundi. Kwetu ni hapa hapa Mkumbi, ingawa kwa miaka mingi ungenikuta popote isipokuwa hapa. Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu kujua barabara ya kushuka ziwani inaishia wapi, nikashuka. Mbamba Bay nilivua usipa, vidagaa vyetu vile vya ziwani. Liuli nilijifunza kufungua mashine ya boti na kuifunga tena. Chiwanda nilikaa na watu wanaovuka kwenda Msumbiji, nikajifunza lugha yao, nikajua mpaka jinsi wanavyopika mihogo yao. Kila nilipofika nilikuwa na swali, na swali likishapata jibu nilihama. Kitu kikiharibika mikononi mwangu nilihama pia. Nyavu zikichanika, nahama. Nikikosana na mwenye boti, nahama. Sikuwahi kukaa mahali nikaona mwisho wa kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nakuja nyumbani mara moja moja. Mnajua sisi wanaume wa ukoo tuna sengu yetu, tunakaa pamoja, tunakula pamoja, tunaongea mambo ya familia. Kila nilipotokea, baba mkubwa Wendelini alisogeza sahani na kusema, "Haya, mgeni amefika. Mgeni, nawa mikono." Watu wote wanacheka. Na mimi nacheka. Lakini ndugu zangu, neno lile lilikuwa linanichoma! Mtu mzima, kwenye ardhi ya baba yangu, naitwa mgeni. Nikaapa moyoni kwamba siku moja nitafika kwa namna ambayo hakuna atakayecheka.

Sikumwomba Mungu anisaidie kukaa. Niliomba gari.

Kule Mbamba Bay kulikuwa na mkandarasi aliyemaliza kipande chake cha barabara, anafunga kambi. Alikuwa na pikapu ya milango minne, ndefu, matairi yanafika kiunoni, mbele ina vyuma kama ya jeshi. Niliizunguka pikapu ile siku nzima. Mnanijua kwa kuuliza maswali. Nilimuuliza dereva wake ukubwa wa injini, inavyokula mafuta, giabox ikoje, springi zake zinabeba uzito gani, inapanda mlima wa namna gani. Nililala chini nikaikagua tumbo. Nilijua kila kitu kuhusu gari lile isipokuwa jambo moja: nitabeba nini. Hilo sikumuuliza mtu, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Niliuza sehemu yangu ya boti. Niliuza na kahawa aliyoniachia marehemu baba kule upande wa Ruanda, hii ya hapa kwetu Mbinga, kahawa aliyoipanda kwa mikono yake. Nikaichukua pikapu, nikapanda nayo milima mpaka Mbinga mjini, kioo nimeshusha, kiwiko nje. Jumapili iliyofuata nilimwomba padre aimwagie maji ya baraka. Akaibariki. Nadhani aliamini nitabeba kahawa za watu. Na mimi nilisema, "Ndiyo, padre, ni kwa ajili ya jamii." Kanisani, ndugu zangu! Nilisema hivyo mbele ya mlango wa kanisa.

Sasa kwa wale ambao si wa milimani, nieleze kidogo. Nyumba yetu iko katikati ya mteremko mkali. Magari yanaishia juu, dukani, halafu unashuka kwa njia ya miguu. Na mteremko wote umelimwa kwa ngolo. Ngolo ni mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mlima mzima. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa miraba, udongo unachimbwa katikati na kufunikwa juu ya zile nyasi. Unapanda kwenye kingo, na mvua ikinyesha maji yanaingia mashimoni na kutulia humo. Ndiyo maana milima yetu ina mahindi mpaka leo. Mtoto wa Kimatengo anajua hivyo kabla hajajua kusoma.

Mimi nilijua. Msije mkasema sikujua.

Pikapu ikakaa dukani juu. Watu wanapita, wanaiangalia, wanauliza ni ya nani, mwenye duka anasema labda ni ya afisa fulani. Mimi niko chini nyumbani, naisikia habari hiyo, roho inaniuma. Gari la kuonekana, na watu hawajui kuwa ni langu! Nikaamua ishuke mpaka mlangoni, ili mtu akisimama mlima wa ng'ambo aione imeegeshwa kwa Osmundi.

Kiangazi kile nikawachukua vijana, tukakata njia kutoka dukani hadi uani kwangu. Tulifukia ngolo za baba zote zilizokuwa upande wa juu, tukazisawazisha, na tulipofika kona ikabidi tule kipande cha shangazi Otilia. Shangazi ni dada wa baba. Alifiwa na mume, akarudi nyumbani, na baba akampa sehemu iliyo chini ya nyumba yetu. Shamba lile ndilo linamlisha yeye na wajukuu anaowalea. Hana lingine.

Alikuja, akasimama pembeni na mzigo wa kuni kichwani. Hakupiga kelele. Alisema, "Osmundi, mashimo haya umeyafukia. Mvua ikija, maji yatakaa wapi?"

Nikamjibu, "Shangazi, usiwe na wasiwasi. Ukivuna, nitakubebea mahindi yako yote kwa gari."

"Mahindi yangu nimeyabeba kichwani tangu sijaolewa, wala hayajawahi kupotea njia. Nimekuuliza maji."

"Maji yatafuata barabara, shangazi."

"Yatafuata, ndiyo," akasema. "Na barabara yako inaishia wapi?"

Iliishia juu ya shamba lake. Niliona hivyo kwa macho yangu, nikacheka, nikawasha gari. Kijana mmoja akapiga mluzi. Shangazi akaendelea na safari yake na kuni zake.

Nilikaa na fahari yangu miezi michache. Niseme ukweli, gari lile lilibeba nini katika miezi hiyo? Lilinibeba mimi. Lilinipeleka Mbinga kunywa soda na kunirudisha. Mama mmoja mjamzito aliomba lifti siku ya vumbi, nikampandisha nyuma, na mbele kulikuwa na viti vitupu vya ngozi, eti asichafue. Ndugu zangu, nalitaja hili kwa sababu limekataa kutoka kichwani mwangu.

Kisha mvua zikaja. Mnazikumbuka. Zilinyesha mfululizo, na mchana mmoja ikashuka mvua ambayo huoni hata jirani yako. Mahindi ya shangazi yalikuwa yamefika kifuani. Nilikuwa ndani, nikasikia sauti kama lori linashusha mawe. Nikatoka. Barabara yangu ilikuwa imegeuka mto! Maji yote ya mlima, ambayo zamani yangetulia kwenye mashimo, yalikuwa yameshika njia za matairi, yanakuja mekundu, yanarusha mawe. Na pikapu ilikuwa imeanza kuteleza.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Naomba mnisikilize.

Chini nilisikia shangazi anapiga yowe. Watu wakaanza kukimbia kutoka kila upande, wanaume na wanawake, kila mtu na jembe lake, kwenda kuyageuza maji yasiingie shambani kwake. Walipita karibu kabisa na mimi. Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, nasukuma mawe chini ya matairi. Na nilipowaona wanapita niliita kwa nguvu zangu zote, "Jamani! Njooni mnisukumie gari!"

Watu wenye majembe, wanakimbilia chakula cha mjane, na mimi nawaita wanisukumie gari! Hakuna aliyegeuka. Baba mkubwa Wendelini peke yake, mzee yule, alisimama akaniangalia. Akasema, "Acha hilo. Shika jembe, twende."

Nikamwambia, "Baba mkubwa, sina jembe."

Aliniangalia kidogo. Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni. Kisha akaenda.

Sikuwa na jembe! Mtu wa Mkumbi, nyumba ya baba yangu, mlima mzima umenizunguka, nina gari refu kuliko nyumba yenyewe, na hakuna jembe. Nilishuka mikono mitupu. Nilipofika, mahindi yalikuwa yanalala mstari kwa mstari, kama yanavutwa na mtu kwa chini. Niliinua mawe kwa mikono, sikusaidia chochote. Shamba likaenda. Lilikwenda mtoni mbele ya macho yetu, likabaki jiwe jeupe na korongo. Shangazi alikuwa amesimama na kitenge kimemganda mwilini, hata halii. Mmoja wa wajukuu zake akamuuliza, "Bibi, mahindi yatarudi?"

Jioni kulikuwa na sengu. Nilikwenda nikitegemea matusi. Ningefurahi wangenitukana! Walikula kimya. Mwisho baba mkubwa akaniuliza kwa upole kabisa, kama unavyomuuliza mtu habari ya safari, "Sasa unaondoka lini?"

Hakuwa ananifukuza. Alikuwa anauliza jambo analolijua. Wote walijua nitaondoka. Na mimi nilikuwa nimeshapanga! Mfuko wangu ulikuwa tayari.

Asubuhi niliingia ndani ya pikapu, ambayo yale mawe yaliizuia isiende na maji, niwashe niende Mbamba Bay, na kutoka huko popote. Injini iliwaka vizuri. Ni gari zuri, sitalisingizia. Lakini nilipotazama mbele, hapakuwa na barabara. Maji yaliyopita juu yake yalikuwa yameichimba, limebaki shimo ambalo hata mbuzi asingelivuka. Nyuma ni ukuta wa nyumba, pembeni ni mteremko. Gari la kupanda milima lilikuwa limekwama uani kwangu, na ili nilitoe ningelazimika kufukia ngolo za watu wengine.

Nikazima. Nikakaa na ufunguo mkononi. Ndugu zangu, sijui kusali kwa maneno mazuri, na asubuhi ile hata hayo machache nilikuwa sina. Nilisema tu, "Mungu, naona aibu." Nikarudia. Nilitaka kuongeza ombi, unisaidie hivi, unitoe hapa, lakini halikutoka. Mfuko ulikuwa kwenye kiti cha pembeni. Ningeweza kuushika na kwenda kwa miguu, miguu yangu inaijua njia ile. Mkono ulifika kwenye mfuko, ukarudi. Ukafika tena, ukarudi. Sijui nilikaa muda gani. Vioo viliingia ukungu, nikawa sioni nje.

Mara nikasikia kioo kinagongwa. Nikafuta ukungu, nikamwona shangazi Otilia. Ameshika bakuli limefunikwa kwa sahani. Akasema, "Osmundi, toka humo ule."

Yule ambaye chakula chake nilikipeleka mtoni! Nilifungua mlango, nikaanguka pale pale kwenye matope, nikamshika miguu. Nikasema, "Shangazi, nisamehe."

Akaniambia, "Msamaha nitakupa. Na shamba langu nalitaka vilevile."

Ndugu zangu, kwa maneno yale Mungu alinifungua! Maisha yangu yote nilidhani mtu akisamehewa anaruhusiwa kuondoka, na asiposamehewa analazimika kuondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kusamehewa halafu ukabaki. Nilikula viazi alivyoniletea nimekaa chini, ananiangalia. Nikaenda dukani kununua jembe. Mwenye duka aliuliza, "La nani?" Nikamwambia langu. Akalifunga kwenye gazeti polepole, anatabasamu, na mimi nikaangalia chini.

Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza kupungua, ukawa wakati wa kukata ngolo kwa ajili ya maharage. Watu wakaja kwa ngokela, ule utaratibu wetu wa kulimiana. Walikuja kwa ajili ya shangazi, si kwa ajili yangu. Nyie mnajua kazi ilivyogawanywa: sisi wanaume tunafyeka na kulaza nyasi, wanawake wanachimba na kufunika. Tulipomaliza zetu, wanaume wakaenda kukaa kivulini. Mimi nikabaki, nikaingia kwenye mstari wa wanawake na jembe langu jipya.

Kelele zilizopigwa pale! "Jamani, tumepata shoga mpya!" "Mpeni kitenge ajifunge!" "Angalia anavyolishika, kama usukani!" Wenzangu kule kivulini walicheka mpaka wakalala. Jasho linanitoka, masikio yanawaka moto. Shangazi alikuja kukagua shimo langu la kwanza. Akalitazama, akasema, "Hili ni kaburi. Ngolo unazika nyasi, huziki mtu. Anza upya." Nikaanza upya. Siku ile nilifukua na kufukia mpaka mikono ikachubuka, na kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Tulianza na shamba lake, tukapanda juu kufuata ile barabara yangu, mpaka dukani.

Maana ya yote hayo ni kwamba pikapu sasa ilikuwa haina njia kabisa. Ilikaa uani, kuku wanalala chini yake. Kiangazi akaja fundi kutoka Mbinga, akasema anaihitaji, anabeba mbao kutoka msituni. Nikamuuliza, "Una uhakika unaihitaji?" Akanishangaa. Tukaifungua kipande kwa kipande, kazi ninayoiweza. Na watu wa jumuiya wakaibeba. Mungu wangu! Gari nililowaambia litawabebea mizigo, wao ndio walilibeba. Injini ilipanda imefungwa kwenye miti, mabegani mwa wanaume. Milango ilikwenda, matairi yalikwenda. Shangazi Otilia alibeba kiti changu cha dereva kichwani, kile cha ngozi, anapanda mlima bila kukishika. Nilikuwa nyuma yake na bampa begani. Sikuweza kuinua macho. Kilichopatikana kilimnunulia mahindi ya kula hadi mavuno, na kilichobaki nilimkabidhi baba mkubwa anitunzie, kwa sababu najijua.

Ndugu zangu, sisemi gari ni dhambi. Nimeona pikapu ya zahanati ikimleta mgonjwa kutoka Chiwanda, amelazwa nyuma juu ya godoro, dereva anaendesha taratibu kama amebeba mayai. Yule analihitaji. Fundi wangu wa mbao analihitaji. Lakini udadisi haujaniisha, na kila nikienda mjini nachungulia nyuma ya pikapu za watu. Nyingi ni tupu! Nyingine ina gurudumu la akiba na kuku mmoja. Hivi karibuni Mbamba Bay nilimkuta bwana mmoja amesimama na pikapu kubwa kuliko ile yangu. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Samahani kaka, huwa unabeba nini humo?" Akanipima kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Nabeba heshima. Wewe unabeba nini?" Wenzake wakacheka. Sikuwa na haki ya kumjibu, maana ndilo jibu ambalo ningelitoa mwaka juzi. Nilimwombea tu kimoyomoyo, na nikajiombea na mimi, kwa sababu macho yangu bado yalikuwa kwenye matairi yake.

Aibu haijaniondoka. Maharage ya shangazi ya mwaka huu yametoka vizuri, asante Mungu, lakini pale korongo lilipopita udongo ni mwembamba, yamekuwa mafupi, na kila nikipita nayaona. Nilidhani ukombozi ni kuondolewa aibu. Mimi nimeachiwa yangu, nikapewa na neema ya kukaa nayo mahali pamoja. Namshukuru Mungu kwa neema hiyo! Nawashukuru ninyi mliopita mbio siku ile mkakataa kunisukumia gari. Kama mngenisukumia, ningekuwa nimeondoka.

Basi nawakaribisha. Inawezekana humu ndani kuna mtu ameharibu kitu cha mwenzake. Wenye kitu wanajua au bado hawajajua, na yeye amepanga kuondoka na basi la asubuhi. Ndugu yangu, mtumaini Mungu, usipande. Nenda kwanza kwa huyo uliyemharibia. Ukiogopa kwenda peke yako, njoo unigongee hata kama jua halijatoka. Twende wote, na nitasimama karibu yako wakati unasema.